Kutoka Mombasa hadi Kasindi: ni nani analipa bei ya kusubiri?



Katika paruasi zetu za Beni, Butembo, Lubero na hata Bunia, lawama moja inarudi kila wiki: vitu vimepanda bei. Chumvi, sukari, sabuni, mabati, saruji, mafuta ya gari. Wengine wanasema ni dola. Wengine wanasema ni vita. Wengine wanawanyooshea kidole wafanyabiashara. Kila jibu lina sehemu ya ukweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena: barabara inayoleta mizigo yetu, na malango yaliyo juu yake.

Sehemu kubwa ya vitu vya ng'ambo vinavyouzwa katika eneo hili hushushwa melini Mombasa. Vinavuka Kenya, vinaingia Uganda kwa Malaba au Busia, vinapita Kampala na Kasese, halafu vinafika Mpondwe. Hapo kuna mto Lubiriha, na upande wa pili ni Kasindi. Kutoka Mombasa mpaka Kampala peke yake ni zaidi ya kilomita 1,100, na baada ya Kampala bado kuna safari nyingine ndefu kabla ya kuuona mpaka wetu.

Ili tuelewe bei ya sokoni, inafaa tuitazame Uganda kwanza. Ni nchi isiyo na bahari, moja kati ya nchi 16 za namna hiyo katika Afrika. Kongo yetu, kwenye ramani, inayo bahari: kipande kifupi cha pwani huko Muanda, na bandari ya Matadi juu ya mto. Lakini hakuna barabara ya kutegemewa ambayo lori linaweza kuifuata kutoka Matadi mpaka Beni. Kwa hiyo sisi wa mashariki tunaishi kama watu wa nchi isiyo na bahari, tena nyuma ya nchi nyingine isiyo na bahari. Somo ambalo Uganda imelipata kwa shida ni somo letu pia.

Mlango ulio mikononi mwa jirani

Sheria ya mataifa inaitambua shida hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bahari, wa mwaka 1982, unasema kwamba nchi isiyo na pwani ina haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo yake katika nchi jirani. Lakini haki iliyoandikwa haifungui lango yenyewe. Inabaki kuwa jirani ndiye mwenye barabara, na akipata shida, wewe unaipata mara mbili.

Uganda ililiona hilo Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya kulizuka fujo, barabara zikafungwa, na reli ikang'olewa katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Wananchi wa Uganda hawakupiga kura katika uchaguzi ule, lakini petroli iliadimika kwao, na pia Rwanda, Burundi na huku kwetu. Tena Januari 2022, wakati wa Korona, madereva waligoma mpakani kwa sababu Uganda ilidai kila mmoja apimwe na alipie kipimo. Malori yakapanga foleni ndefu upande wa Kenya, na mafuta yakapanda bei Kampala. Safari hiyo aliyefunga njia hakuwa jirani. Ilikuwa amri ya Uganda yenyewe.

Upande wa kusini, lango la Katuna kati ya Uganda na Rwanda lilifungwa Februari 2019 kwa sababu ya ugomvi wa serikali hizo mbili. Lilifunguliwa tena 31 Januari 2022, baada ya karibu miaka 3. Wakubwa waliogombana hawakukosa chakula. Waliopoteza ni mama waliokuwa wakibeba nyanya na maharagwe kichwani, vijana wa bodaboda, wenye vibanda vya chai, na familia ambazo nusu iko huku na nusu iko kule.

Jinsi njia ilivyofupishwa

Uganda haiwezi kuisogeza Mombasa. Kile ilichoweza kufanya, pamoja na majirani wake, ni kupunguza saa na siku ambazo lori linasimama bila kazi.

Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1985 nchi za eneo hili zilitia sahihi mapatano ya Ukanda wa Kaskazini, yaani njia ya Mombasa kuelekea bara, na Kongo, wakati ule Zaire, ikaingia miaka michache baadaye. Lakini kwa muda mrefu lori lilisimama mara mbili kila mpakani. Karatasi zilikaguliwa upande wa nchi unayotoka, halafu mtu anavuka mita chache na kuanza upya upande wa nchi anayoingia: ofisi nyingine, foleni nyingine, mihuri mingine.

Dawa ikawa kituo kimoja cha mpakani. Maofisa wa nchi mbili wanakaa katika jengo moja. Lori linalotoka Kenya linapita moja kwa moja mpaka upande wa Uganda na kumaliza yote huko. Linalorudi linamaliza yote upande wa Kenya. Zambia na Zimbabwe ndizo zilizoanza mpango huu katika Afrika, huko Chirundu, mwaka 2009. Kituo cha Busia kati ya Kenya na Uganda kilizinduliwa na marais wa nchi hizo Februari 2018, na Malaba nayo inafanya kazi kwa mpango huohuo.

Mabadiliko mengine mawili hayaonekani kwa macho kama jengo, lakini yana nguvu. La kwanza: tangu 2014, mizigo inayobaki Uganda inatangazwa na kulipiwa kodi kabla haijatoka bandarini, na mpakani kazi inayobaki ni kuhakikisha. La pili linahusu mizigo ya kupita tu, kama ile inayokuja kwetu. Hiyo hailipi kodi ya Uganda, lakini mwenye mzigo anaweka dhamana, na lori linafungwa kufuli ya elektroniki ambayo wakuu wa forodha wanaifuata njia nzima. Kufuli ikifunguliwa mahali pasipofaa, wanajua. Mzigo ukipotea njiani, dhamana inalipa.

Ukitazama vizuri, mambo haya yote yanasimama juu ya msingi mmoja: mtu wa nchi moja anakubali kazi iliyofanywa na mtu wa nchi nyingine. Ofisa wa Uganda anaamini muhuri uliogongwa na Mkenya. Hilo haliji kwa saruji. Linakuja kwa maofisa wanaotenda kwa namna moja leo na kesho, na kwa kila nchi kuweza kumwajibisha mtu wake anayedanganya.

Hatusemi haya ili kuisifu Uganda kupita kiasi. Katika vita vya 1998 hadi 2003 njia hizihizi zilipitisha pia mali zetu zilizoporwa. Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, na sehemu ya fedha hizo ni kwa ajili ya mali ya asili iliyochukuliwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kuhusu dhahabu ya Ituri inayovuka bila karatasi. Mkristo haruhusiwi kusahau ukweli ili apate biashara. Lakini pia haruhusiwi kukataa somo jema kwa sababu mwenye kulionyesha ana deni.

Upande wetu wa mto

Sasa tuvuke Lubiriha. Watu wa pande hizi mbili wanasalimiana kwa lugha ambayo wanaisikia wote, Kinande huku na Lukonzo kule. Biashara kati yao ni ya kale kuliko mpaka. Chumvi ya Katwe ilikuja huku kabla ya Mbelgiji na Mwingereza kupiga mstari. Leo hata saa zinatofautiana: Mpondwe ikiwa saa mbili asubuhi, Kasindi ni saa moja.

Tangu Bunagana ilipochukuliwa na M23 Juni 2022, na Goma Januari 2025, Kasindi imekuwa mlango mkubwa zaidi wa duane ya serikali katika Kivu ya Kaskazini. Mzigo mzima wa eneo unakazana hapo. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi walidhani kwamba siku ya pili bei zitashuka. Hazikushuka, kwa sababu kutia sahihi kwenye mkataba ni mwanzo wa kazi tu. Kodi zetu, karatasi zetu na ofisi zetu zilibaki zilivyokuwa.

Kuhusu ofisi hizo, sheria nzuri tunayo tayari. Amri ya 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu ambazo zina ruhusa ya kufanya kazi mpakani: duane, ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa yaani OCC, uhamiaji yaani DGM, na huduma ya afya ya mipakani. Amri hiyo ina zaidi ya miaka 20. Kila msomaji anayevuka, Kasindi au penginepo, anaweza kuhesabu mwenyewe ni watu wa ofisi ngapi waliomsimamisha. Wengine wana kofia na karatasi ya kukatia malipo. Wengine wana kamba tu iliyofungwa kwenye miti miwili. Na mbele ya Kasindi bado kuna bariere nyingine.

Kuna pia barabara yenyewe. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walizindua huko Mpondwe mradi wa kutengeneza kilomita 223: Kasindi mpaka Beni kilomita 80, Beni mpaka Butembo kilomita 54, na Bunagana mpaka Goma kupitia Rutshuru kilomita 89. Vita vya M23 vilikata sehemu ya Bunagana. Sehemu ya Kasindi inapita katika eneo ambalo ADF wameua watu na kuchoma magari mara nyingi. Hatuwezi kuandika jina la Kasindi bila kukumbuka Jumapili ya 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka katikati ya ibada ya ndugu zetu wa CEPAC, siku ya ubatizo, na kuua watu zaidi ya kumi. Juni ya mwaka uleule, wauaji walivuka kwenda Mpondwe na kuua wanafunzi katika shule yao. Damu ya pande mbili za mto imemwagika kwa mkono mmoja. Hilo peke yake lingetosha kutufundisha kwamba usalama wa lango moja hauwezi kutafutwa na nchi moja.

Hesabu ya kusubiri

Lori likisimama siku tano, ni nani anayelipa? Mwenye lori anadai kodi ya siku tano. Dereva na tanboi wake wanakula siku tano. Mfanyabiashara aliyekopa fedha anaendelea kulipa riba. Kama ni samaki au matunda, sehemu inaoza. Halafu kuna matabishi ya hapa na pale, ambayo hayana risiti. Mfanyabiashara mkubwa hatoi gharama hizo mfukoni mwake. Anazigawa juu ya kila mfuko na kila katoni. Mnunuzi wa jumla anazipitisha kwa mwenye duka, na mwenye duka anazipitisha kwa mama anayepima kwa kikombe. Mama huyo anazipitisha kwa mjane anayenunua kikombe kimoja. Mjane hana wa kumpitishia. Yeye ndiye mwisho wa foleni.

Kwa njia ya kurudi ni vilevile. Mkulima wa kakao au kahawa analipwa bei inayobaki baada ya kutoa gharama zote za kufika baharini. Njia ikiwa ndefu na yenye mikono mingi, yeye ndiye anayepunguziwa. Ndiyo maana kakao nyingine inavuka usiku kwa njia za panya. Hapo mkulima anapata kidogo zaidi leo, serikali inakosa kodi ya kulipa mwalimu, na wenye silaha wanapata biashara.

Mama wachuuzi, ambao ndio wengi kati ya wanaovuka kwa miguu, wanalipa kwa namna nyingine pia. COMESA ina mpango rahisi kwa wachuuzi wadogo, wenye karatasi fupi na orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru. Lakini mama asiyejua kwamba mpango upo, au asiyejua kusoma orodha, atalipa anachoambiwa. Akikosa fedha ataombwa vitu vingine ambavyo hatutavitaja hapa, lakini wachungaji tunavisikia katika maungamo.

Edomu na barabara ya mfalme

Biblia inaijua shida hii. Katika Hesabu 20, Israeli wako Kadeshi na wanahitaji kupita katika nchi ya Edomu. Musa anatuma wajumbe kwa heshima. Anamwita mfalme ndugu, kwa kuwa Edomu ni uzao wa Esau. Anaahidi kwamba watu hawatakanyaga mashamba wala mizabibu, watabaki kwenye barabara kuu, na wakinywa maji watayalipia. Ni ombi la watu wasio na njia nyingine. Edomu anakataa, na anatokea na jeshi.

Israeli wanazunguka. Katika sura ya 21 tunaona bei ya kuzunguka: watu wanachoka njiani, wanamnung'unikia Mungu na Musa, na wengi wanakufa kwa nyoka. Njia iliyorefushwa na jirani mgumu ilivunja mioyo kabla ya kuchosha miguu. Hata hivyo Mungu hakuwapa Israeli ruhusa ya kulipiza. Kumbukumbu la Torati 2 linasema wasipigane na wana wa Esau, wanunue chakula na maji kwa fedha. Na katika sura ya 23 wanakatazwa kumchukia Mwedomi, kwa kuwa ni ndugu.

Kuna mambo matatu hapa kwa ajili yetu. Anayepita ana wajibu: abaki barabarani, asiibe, alipe anachodaiwa kwa haki. Mwenye barabara ana wajibu: asimnyime ndugu njia ili aonyeshe nguvu. Na aliyenyimwa asifanye chuki kuwa siasa yake.

Na Yohana Mbatizaji, katika Luka 3, alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kile kilichowekwa. Mungu hakatai ofisi ya ushuru. Anakataa kile kinachoongezwa juu yake.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Makanisa hayatengenezi lami wala kufuli za elektroniki. Lakini angalieni ni nani anayekaa katika viti vyetu Jumapili: ofisa wa duane, askari wa bariere, wakala anayejaza karatasi, mwenye lori, dereva, mama mchuuzi. Foleni nzima ya Kasindi inaimba katika kwaya zetu. Basi tuanze hapo.

Kwanza, tuhubiri Luka 3 kwa majina ya kazi za leo. Ofisa Mkristo anayecheleweshewa mshahara ana shida ya kweli, na kanisa limsaidie kuudai. Lakini asiichukue shida hiyo na kumtwika mjane.

Pili, chama cha mama katika kila paruasi ya mpakani kiwafundishe wachuuzi haki zao: bidhaa gani hazitozwi, risiti inafananaje, mtu akidhulumiwa apeleke neno wapi. Mahali pengine mama wakivuka kwa kikundi, wakiwa na orodha mkononi, dhuluma inapungua.

Tatu, sisi viongozi tujikague. Sheria ya 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyotafuta faida inatoa nafasi ya kuomba msamaha wa kodi kwa vifaa vya kazi yetu. Nafasi hiyo ni ya dawa za zahanati, vitanda na vitabu. Mfanyabiashara akija na bahasha na kuomba mzigo wake upite kwa jina la kanisa, jibu liwe hapana, hata kama hekalu halijapata mabati. Hatuwezi kukemea bariere ya kamba huku tunauza jina la Kristo kwenye duane.

Nne, wabunge na wakuu wa jimbo waulizwe kwa upole na bila kuchoka: amri ya 2002 inaheshimiwa? Kituo kimoja cha maofisa wa nchi mbili, kama kile cha Busia, kitaanza lini Mpondwe na Kasindi? Barabara ya Beni itamalizwa na kulindwa lini? Hayo ni maswali ya raia, hayana chama.

Tunawaalika wapendwa wote, Jumapili ijayo, kuwataja katika maombi madereva walioko njiani, maofisa wa pande mbili za Lubiriha, na jamaa za waliouawa Kasindi na Mpondwe. Na baada ya ibada, mwenye duka na mnunuzi, ofisa na mchuuzi wasalimiane kwa majina. Jumatatu watakutana tena kwenye foleni.